Dakika Nne Kwenye Kiti cha Mizani

3 Oktoba 1955

Wewe uliyelishika daftari hili, sikujui, lakini nakusihi kwa jina la mama yako: lifunge. Kama huwezi kulifunga, basi lisome peke yako, na usimtolee mtu hata neno moja, si mkeo, si kasisi wako, si mlevi mwenzako. Nimetia saini karatasi kwamba sitaandika uzito wa mpanda farasi mahali popote isipokuwa katika kitabu cha ofisi. Likionekana hili, kazi sina, na mama ni mjane.

Naitwa Leonard Thwaite. Tangu asubuhi hii ni msaidizi wa karani wa mizani katika uwanja wa mbio za farasi wa Skelbeck. Karani mwenyewe ni Meja Ferrand, mtu mrefu, msafi, mwenye miwani ya fremu ya dhahabu. Amenipa kanuni zote nizinakili kwa mkono. "Mkono ukinakili," alisema, "kichwa hakisahau."

Nimenakili kurasa ishirini. Kanuni moja ilinichekesha: mshindi akishuka kwenye farasi haguswi na mtu yeyote mpaka akae mwenyewe kwenye kiti cha mizani, asije rafiki akamtilia kitu kizito mfukoni. Chini yake kuna mstari mmoja mfupi: aliyeugua, karani aweza kumsamehe mizani. Wino ulikuwa unaniishia hapo. Mstari ukatoka mwembamba.

15 Oktoba

Siku yangu ya kwanza ya mbio. Nimerudi chumbani nimenawa mikono mara tatu na harufu bado ipo.

Nilidhani chumba cha mizani kitakuwa kama benki. Kumbe ni kama zizi. Wanaume kumi na wanne nusu uchi, mbavu zikihesabika, wananuka dawa ya kuchua na jasho lililolala. Kwenye kona kuna ndoo ya bati. Mmoja wao, mrefu kuliko wote, aliinama juu ya ndoo ile, akajitia unyoya wa bata kooni, akatapika kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayepiga mswaki. Kisha akajifuta, akanitazama, akatabasamu.

"Samahani, karani. Kifungua kinywa changu hicho. Naitwa Edwin Raistrick."

Mzee Seth Oddy, mtunza mavazi wa wapanda farasi, alicheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni.

"Umepauka, kijana! Hujawahi kuona mtu akitapika?"

"Nimewahi, Mzee Oddy, lakini si kwa kupenda."

"Huyu ana urefu wa polisi na njaa ya polisi. Farasi tu ndiye anayetaka awe mdogo."

Kila mmoja hupimwa kabla ya mbio akiwa amelipakata tandiko lake, na wale wa mbele hupimwa tena baada ya mbio. Huku kwetu mtu hupimwa kwa mawe, na ratili kumi na nne ni jiwe moja. Akirudi mwepesi kupita ruhusa, ushindi unafutwa. Akirudi sawasawa, Meja anasogea kwenye kipaza sauti na kusema neno moja mara mbili: "Wamepimwa. Wamepimwa."

Uwanja mzima ukapumua.

"Kabla ya neno lile," Seth aliniambia, "mshindi si mshindi, na mwenye akili hachani tiketi yake ya kamari. Likishatoka, hata Malkia aje na taji kichwani, habadilishi kitu."

19 Oktoba

Mwenye nyumba wangu, Bi Tordoff, hufunga kabati la mkate saa moja kamili na kusema, "Wamepimwa!" Mwuza nyama husema hivyo akishafunga furushi. Jana nilimsikia mama mmoja dukani akimsema bintiye aliyeolewa na mlevi: "Sasa analia nini? Wamepimwa." Mji huu una neno moja la kufungia milango yote.

12 Novemba

Mvua. Nimeona jambo la aibu.

Kiti cha mizani kinaning'inia kwa minyororo, karibu kabisa na sakafu. Mpanda farasi anapokaa, Seth husimama nyuma yake ameshika koti lake. Leo kalamu ilinianguka, nikainama kuiokota, nikaona ncha ya kiatu cha Seth chini ya kiti. Alikuwa anakiinua, kidogo tu, taratibu, kama mtu anayebembeleza kitanda cha mtoto. Aliyekaa alikuwa Edwin. Mshale ulirudi nyuma ratili mbili nzima.

Wakati huohuo Meja alikuwa amevua miwani na kuifuta kwa leso. Maskini, nilifikiri. Mtu mwadilifu anaibiwa mbele ya macho yake.

Nikaandika uzito wa uongo kwa mwandiko wangu mzuri.

Halafu nusu saa nzima Edwin na Seth wanachekeana na kutaniana kama watoto walioiba sukari. Wananichefua.

26 Desemba

Mbio za sikukuu. Meja alikula pai ya nyama ya nguruwe pale pale mezani, huku watu wasiokula tangu juzi wakipita mbele yake mmoja mmoja. Ute wa pai ulimng'ang'ania kwenye sharubu. "Umezidi, Raistrick," alisema, na kipande cha nyama kikaruka kikatua kwenye kitabu changu. Sikuthubutu kukifuta mpaka alipogeuka.

Edwin alikitazama kipande kile muda mrefu.

Baadaye mkewe, Enid, alimletea keki ya Krismasi iliyofungwa kwenye leso. Edwin aliitafuna yote, macho kayafumba, kisha akaitema yote kwenye leso ileile na kumrudishia. Mkewe aliikunja leso na kuitia kwenye mkoba. Nilitoka nje nikasimama kwenye theluji.

14 Januari 1956

Kiatu tena. Miwani inafutwa tena. Ikigundulika, watauliza mwandiko ni wa nani. Ni wangu.

16 Januari

Nimesema.

Nilimkuta Meja ofisini akisoma gazeti. Nilikuwa nimekariri maneno usiku kucha, nikayatoa yote kwa pumzi moja: kiatu, kiti, ratili mbili, Seth Oddy, Edwin Raistrick.

Meja aliliweka gazeti chini. Hakukasirika. Ingekuwa afadhali angekasirika.

"Thwaite, nimekaa na mizani ile miaka kumi na tisa."

"Ndiyo, Bwana Meja."

"Kila Seth anaposimama nyuma ya kiti, mimi hufanya nini?"

Nilifikiri. "Unafuta miwani, Bwana."

"Unadhani miwani yangu huchafuka kiasi hicho?"

Aliivua, akaiinua kwenye mwanga.

"Ratili mbili hazimwibii mtu. Farasi hawahisi. Wapanda farasi wote wanajua, wenye farasi wanajua, hata kasisi anayekuja kula hapa anajua. Tulikuwa tunajua vizuri kabisa, kwa sababu hakuna aliyekuwa mshenzi kiasi cha kusema." Akavaa miwani. "Sasa umesema. Jambo likishasemwa ofisini kwangu, nimelisikia. Siwezi tena kutolisikia. Lazima nitende."

"Bwana Meja, basi nifute nilichosema."

"Usiwe mjinga. Funga mlango ukitoka."

Nimesoma miaka kumi na miwili darasani na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba katika nchi yangu mwenyewe huruma huishi ndani ya ukimya tu, na kwamba ukiitaja kwa jina inakufa.

17 Januari

Seth amefukuzwa. Seremala amepigilia ubao nyuma ya kiti. Nilikutana na Seth mlangoni, brashi zake za viatu zote ndani ya mfuko mmoja.

"Unajua ratili mbili ni nini, kijana?"

"Mzee Oddy, mimi niliogopa tu..."

"Ni kipande cha mkate, kikombe cha chai, na usingizi. Hicho ndicho ulichomwondolea." Akaweka mfuko begani. "Sikutukani. Umesoma sana, huna kosa."

Wapanda farasi hawanisemeshi. Mmoja amenitemea mate kwenye kofia. Nimeivaa hivyohivyo mpaka nyumbani.

21 Januari

Leo amekuja Bwana Tancred Hoyle, anayemiliki farasi aitwaye Bramble na kumfundisha mwenyewe. Ana shingo nene na pete inayozama kwenye nyama ya kidole. Bramble amepangiwa mawe kumi na ratili nne katika Kombe la Skelbeck, tarehe 11 Februari, na Edwin ndiye atakayempanda. Edwin, hata akiwa mifupa mitupu, ni mawe kumi na ratili tisa akipimwa pamoja na tandiko.

"Atafika," Hoyle alisema. "Chumvi ya kuharisha, maji ya moto, na asionje hata maji ya kunywa siku mbili za mwisho. Mimi farasi wangu namfanyia hayohayo."

Si kweli. Farasi wake anakula shayiri na asali. Nimeona.

1 Februari

Baridi kali. Maji ya kunawia yameganda ndani ya jagi.

11 Februari

Ardhi imekuwa jiwe. Walichoma uma wa bustani kwenye uwanja, uma ukapinda. Kombe limeahirishwa kwa wiki moja.

Edwin alikuwa ameshafika: mawe kumi na ratili nne kamili. Alikaa kwenye mizani bila mbio, kuhakikisha tu. Niliandika. Alipoinuka ngozi ya mgongo wake ilibaki na alama za kiti, haikurudi.

"Wiki moja tu, Edwin," nilimwambia. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu Seth aondoke.

"Wiki moja si kitu," alisema. Ulimi wake ulikuwa mweusi kama mkaa.

18 Februari

Uma umepinda tena.

19 Februari

Barafu.

20 Februari

Enid Raistrick alikuja ofisini. Nilidhani atanipiga. Ni mwanamke mdogo, mikono imebabuka kwa kufua. Alikaa na kofia yake magotini.

"Bwana Thwaite, wewe ndiye unayeandika namba?"

"Ndiyo, mama."

"Basi niandikie moja ya uongo. Ratili tatu. Nitakufulia nguo mwaka mzima."

"Siandiki ninachotaka, mama. Meja husoma, mimi naandika."

"Jana usiku alilamba dirisha," alisema. "Lilikuwa na ukungu. Alidhani nimelala. Alisimama kwa miguu yake ile iliyokonda, akalamba dirisha, kisha akalia kwa sababu alikuwa amekunywa maji."

Nilimwambia amshawishi ajitoe.

"Unadhani sijamwambia? Anasema akimwachia mwingine Bramble, hatapewa tena farasi wa maana mpaka azeeke. Anasema, 'Wakishapimwa tu, Enid, utaniletea keki nzima.' Keki! Anaiota." Alisimama, akavaa kofia. "Seth alinikataza kukuchukia. Anasema uliogopa. Mimi pia naogopa, Bwana Thwaite, lakini sijamdhuru mtu."

Alipoondoka niliufungua mkebe wangu wa chakula, nikauona mkate na jibini, nikaufunga. Saa mbili baadaye niliula wote. Mimi ni mtu wa namna hiyo.

25 Februari

Wameahirisha tena. Safari hii uma uliingia nusu. Hoyle alipiga teke nguzo na kusema ni uonevu kwa farasi.

29 Februari

Barafu inayeyuka. Matone kwenye paa usiku na mchana. Kila mtu mjini anatembea akitabasamu.

4 Machi, Jumapili

Nataka kuandika ya jana kama yalivyokuwa, dakika kwa dakika, maana naona tayari watu wanaanza kuyapanga upya.

Saa nane kasoro, Edwin alipimwa kabla ya mbio: mawe kumi na ratili nne kamili. Hakujitia unyoya. Hakuwa na cha kutapika. Meja alisoma namba, hakufuta miwani. Niliandika.

Mbio sikuziona. Mimi huwa sizioni, nakaa mezani. Nilisikia kelele zikizunguka uwanja kama upepo, na mwishoni zikawa kubwa kabisa, watu wakiita jina la Bramble.

Ameshinda, nikafikiri, na kwa mara ya kwanza tangu Januari nilihisi pengine nimesamehewa.

Mlango wa chumba cha mizani uko hatua thelathini kutoka anaposhukia mshindi. Nilimwona kupitia mlango. Alishuka kwenye farasi kama nguo inayodondoka kwenye kamba. Mshindi sharti alifungue tandiko mwenyewe. Mkanda ulimshinda mara moja, mara ya pili, mara ya tatu. Watu mia walimzunguka na hakuna aliyenyoosha mkono. Hoyle alikuwa ameweka mikono yake nyuma na kupiga kelele, "Msimguse! Jamani, msimguse!" Waliacha njia pana katikati, kama apitapo mwenye ukoma.

Alikuja. Hatua thelathini. Kwenye kizingiti alipiga magoti, tandiko kifuani.

Daktari Pell, wa uwanja, alikuwa ameshasogea, mkoba mkononi.

"Daktari," Hoyle alisema, "ukimgusa umeninyang'anya kombe."

Daktari alimtazama Meja. Meja alitazama mizani.

"Hajaanguka kutoka kwenye farasi," Meja alisema. "Amefika kwa miguu yake. Ajikalie mwenyewe."

Hapo nilitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika ishirini na moja.

Edwin alitambaa. Alilisukuma tandiko mbele, akasogea, akalisukuma tena. Midomo yake ilikuwa na utando mweupe kama wa maziwa yaliyochacha. Hakuwa na jasho hata tone. Alishika mnyororo wa kiti, akajivuta, akakaa.

Mshale ulianza kucheza, kwa sababu yeye alikuwa anacheza, mwili mzima, kama farasi anayefukuza nzi.

"Tulia, Raistrick," Meja alisema. "Siwezi kusoma."

Kanuni nilizonakili zilikuwa kwenye droo yangu, chini ya kiwiko changu. Sikuhitaji hata kuzitoa. Mkono ulinakili, kichwa hakikusahau. Aliyeugua, karani aweza kumsamehe mizani. Maneno hayo tu. Ningeyasema, Meja angekuwa ameyasikia, na jambo likisemwa mbele yake lazima atende. Nilikuwa nimejifunza hivyo kwa gharama ya watu wengine. Daktari angemshika, na kombe lingebaki palepale lilipo, mikononi mwa Hoyle.

Nilifungua mdomo. Hoyle alinitazama. Meja alinitazama. Nikamkumbuka mama, nikaikumbuka kofia yenye mate, nikakumbuka "usiwe mjinga". Mdomo nikaufunga.

Edwin alinigeukia. "Leonard," alisema. Hakuwahi kuniita kwa jina. "Kuna maji?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nilimjibu kwa sauti ya kiofisi, sauti safi kabisa:

"Bado hujapimwa, Edwin."

Alitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Kisha akatulia. Mshale pia ukatulia.

"Mawe kumi na ratili tatu," Meja alisema. "Ndani ya ruhusa. Andika." Akasogea kwenye kipaza sauti. "Wamepimwa. Wamepimwa."

Nje walishangilia. Kofia zilirushwa. Saa ya ukutani ilikuwa nane na dakika ishirini na tano. Daktari alimgusa Edwin begani, na Edwin akamwangukia mapajani, bado amekumbatia tandiko.

Amefariki leo alfajiri, hospitali. Bi Tordoff alinipa habari hiyo pamoja na mayai.

7 Machi

Meja ameniita. Kutakuwa na baraza la hakimu anayechunguza vifo, Alhamisi wiki ijayo. Alikuwa ameandika taarifa mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: mpanda farasi alikaa kwenye mizani katika hali ya kawaida, alipimwa bila kukawia, alizimia baadaye, daktari akamhudumia papo hapo. Daktari Pell alikuwa ameshatia saini. Hoyle pia.

"Mwanamke yule anahitaji utulivu," Meja alisema. "Bwana Hoyle atamsaidia. Hakuna faida ya kusema mengine."

"Zilikuwa dakika nne, Bwana Meja."

Alivua miwani. Akaifuta.

Nilitia saini.

Nimeandika sentensi hiyo na nikainuka nikatapika kwenye beseni la kunawia. Sikuhitaji unyoya.

8 Machi

Mazishi. Jeneza lilibebwa na watu wanne na wangetosha wawili. Hoyle alivaa glavu nyeusi mpya. Walipomaliza kufukia, alivuta pumzi, akapigapiga udongo wa glavu zake, akamwambia Meja kwa sauti ya chini, "Basi. Amepimwa, maskini."

Meja aliinamisha kichwa kukubali. Na mimi nilikuwa nimesimama nao. Upande wao. Seth Oddy alikuwa ng'ambo ya kaburi, pamoja na wapanda farasi wote, na hakuna aliyenitazama.

Nimechoshwa na harufu yangu.

10 Machi

Bi Raistrick, kuanzia hapa naandika kwako.

Siri niliyoomba ukurasa wa kwanza naiondoa. Msomee umtakaye. Msomee hakimu.

Daftari atakuletea Seth. Nilikwenda kwake jana, nikagonga, akaniacha kwenye mvua kwanza, kisha akafungua. Alisoma akiwa amesimama. Alipofika pale Edwin alipoomba maji, alikaa. Hakunisamehe, na sikumwomba. Alisema tu, "Hili umelisema umechelewa, lakini lisemwe."

Ofisini nimeacha barua ya kujiuzulu. Kanuni nilizonakili nimezichukua. Ziko ndani ya jalada la nyuma la daftari hili. Mstari niutakao hakimu ausome ni ule mwembamba, ukurasa wa kumi na mbili, chini. Autazame kwenye mwanga.

Saini yangu kwenye taarifa ya Meja ni ya uongo. Nitasema hivyo nikiitwa, na ndiyo maana lazima niitwe: nikiachwa peke yangu nitaogopa tena. Najijua.

Nitakuwa kwa shangazi yangu, Bi Keziah Thwaite, Staithby, nyumba ya mwisho kwenye kichochoro cha wafuma nyavu, mlango wa kijani. Usigonge mbele, hasikii. Pita uani, gonga dirisha la jikoni. Barua iandikwe kwa jina lake, si langu, kwa maana mfanyakazi wa posta ni binamu wa Hoyle. Simu iko kwenye duka la mkate chini ya kilima. Waambie wamwite "yule mpwa", nitafika kabla hujahesabu mia. Basi la kuja Skelbeck Alhamisi hupita saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nitakuwa nimesimama pale kituoni, hata usiponiandikia. Lakini kama unaweza, mtume Seth apande basi lile huko mwanzo wa njia, akae kiti cha mbele, anione, asiniruhusu kurudi nyumbani.